Kengele Yenye Kikohozi

Ninayetaka kusimulia habari zake hapa ni mama mmoja mlinzi wa lango, na nianze kwa kusema wazi kwamba simpendi. Nasema mapema ili asitokee mtu baadaye akaniambia nimetia chumvi. Nitajitahidi kumtendea haki, maana karibu yote ninayoyajua juu yake aliyasema mwenyewe, jikoni kwangu, amekalia kigoda changu, kikombe changu kiko mkononi mwake. Mimi ni mke wa mtu aliyefungiwa lango. Yeye ndiye aliyelifunga.

Kiwandani wanamwita Mama Lango. Amekaa kwenye kibanda cha lango la kiwanda cha sabuni kwa miaka kumi na tisa, na miaka hiyo yote amekwenda kazini kwa baiskeli ileile nyeusi, ya kike, yenye kikapu cha waya mbele na kengele ambayo springi yake ilikatika zamani. Kengele hiyo hailii kama kengele za watu. Inatoa mlio mmoja safi, halafu inakwama na kukwaruza, kama mtu aliyeanza kucheka akapaliwa. Fundi alitaka kumwekea mpya, akakataa. Aliniambia watu wa njiani walikwisha kuizoea.

Hao watu wa njiani sina budi kuwaeleza, maana bila wao hakuna kisa. Kuna njia ya vumbi inayofuata reli, kutoka mitaa yetu mpaka upande wa viwanda. Alfajiri inajaa baiskeli, wengine wanakwenda kazini, wengine ndio kwanza wametoka zamu. Vumbi ni jingi na ubaridi upo, basi kila mtu amejifunga kitambaa mpaka puani na kuvuta kofia mpaka kwenye nyusi. Sura huzioni. Unaona baiskeli na unasikia kengele, kwa hiyo watu wanajuana kwa baiskeli na kengele. Mkikutana unapiga kengele, unainua mkono wa kulia, mwenzako anaitikia vivyo hivyo, mnapishana. Anayepanda kilima anaambiwa pole, anayeshuka anaambiwa taratibu. Jina haliulizwi. Muuza maziwa ni Madebe Mawili, seremala anayefunga zana yake kwenye fremu ni Msumeno, na kuna muuguzi wanamwita Viatu Vyeupe. Wanasalimiana kwa upendo miaka nenda miaka rudi, halafu mchana wakikutana dukani bila baiskeli wanapigana vikumbo kwenye foleni kama hawajawahi kuonana, na kweli hawajawahi.

Kwa Mama Lango salamu hizo hazikuwa mchezo. Alijifunza kuendesha baiskeli akiwa na miaka thelathini na moja, baada ya mumewe kwenda kununua viberiti na kusahau njia ya kurudi. Alikuwa na watoto wawili wa kike na kazi mpya upande wa pili wa mji. Siku hizo mwanamke juu ya baiskeli alizomewa. Kulikuwa na vijana waliokaa juu ya ukuta karibu na ghala la mbao, hawana kazi nyingine, walimpigia miluzi na kumuuliza kama hiyo baiskeli mumewe anajua iko wapi. Wiki ya kwanza alilia njia nzima, kwenda na kurudi. Wiki ya pili akagundua jambo. Ukimwahi mtu, ukamsalimia kwa heshima zote kabla hajafungua mdomo, mzomeo unamkwama kooni. Analazimika kuitikia. Basi akawa anasalimia kila chenye miguu. Aliwasalimia wale vijana, akawaulizia mama zao, akawaulizia afya zao, siku baada ya siku, mpaka wakahama ukuta.

"Mwanangu, mimi salamu ndiyo iliyonivusha," aliniambia. Nilimwelewa, na nilikereka kwamba nimemwelewa.

Katika watu wote wa njiani, mmoja alikuwa wake. Alimwita Mwekundu. Baiskeli yake ilikuwa imepakwa kwa mkono rangi nyekundu ya milango, nyuma ilifungwa kreti la njano, na kengele yake ilikuwa ya shaba, yenye milio miwili, wa juu halafu wa chini. Walikutana kila asubuhi mahali palepale, kwenye kidaraja cha zege ambapo njia inabana na lazima mtu apunguze mwendo. Mwekundu alipiga kwanza, milio miwili. Mama Lango alijibu kwa kile kikohozi chake na kuinua mkono juu kabisa. Miaka minane. Siku Mwekundu asipopita, Mama Lango alikaa kibandani ana wasiwasi kama wa mtu aliyeacha jiko linawaka.

Sasa sikilizeni yaliyompata. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na kidaraja kilikuwa na utelezi. Gurudumu la mbele likateleza pembeni, yeye na baiskeli wakaenda mtaroni, baiskeli juu, yeye chini. Bega lilitoka na mfupa wa mkono ukavunjika karibu na bega hilo. Pumzi ilimkatika. Alijaribu kupiga kelele, mdomo ukafunguka bila sauti. Alikuwa amelala ubavu, uso umeelekea njiani, maji machafu yanapita shavuni. Ndipo akasikia milio miwili, wa juu na wa chini. Akasema moyoni, nimepona.

Baiskeli nyekundu ikaja mpaka pale kidarajani. Aliona gurudumu, aliona kreti la njano. Ikapunguza mwendo, karibu isimame. Mwenyewe akapiga kengele. Akangoja kidogo. Akapiga tena. Kisha akakanyaga pedali, akaenda zake.

"Alinisalimia," Mama Lango aliniambia, na hasira ilikuwa bado ipo, ingawa wakati huo alikuwa amekwisha kuujua ukweli wote. "Niko mtaroni kama takataka, bega limetoka, mtu ananisalimia mara mbili na kuondoka."

Madebe Mawili ndiye aliyemkuta, baada ya kama dakika arobaini. Alimwaga maziwa ya watu ili apate pa kumpakia.

Wiki saba alikaa nyumbani na mkono umefungwa plasta. Ulipofunguliwa, mfupa ulikuwa umeunga vibaya. Mkono wa kulia haupandi kupita kifua. Hawezi kufika kwenye rafu, hawezi kujifunga kilemba. Binti yake mkubwa, mwenye nyumba yake na watoto wake, ikabidi awe anapita kila alfajiri kumfunga mama yake kilemba. Mama anakaa kwenye kiti mbele ya kioo, mwanawe anamzungushia kitambaa, na kila asubuhi mama anajitazama na kusema kimoyomoyo, nitamkamata. Hakutaka aombwe radhi. Hilo alilisema wazi. Alitaka Mwekundu naye aachwe mahali, amwone mtu anayeweza kumsaidia, na mtu huyo ampe salamu tu.

Aliporudi njiani, Mwekundu hakuwepo. Aliangalia wiki ya kwanza, ya pili, mwezi. Aliwauliza wenzake, wakasema hata wao hawajamwona. Akajua amekimbia. Mtu mwenye dhamiri safi hakimbii njia, alijiambia, na kinyongo kikanenepa.

Miezi mitano ikapita, mume wangu akapata kazi kwenye kiwanda cha sabuni, idara ya kufungasha. Ilikuwa kazi ya majaribio, miezi mitatu, na ukifuzu unaandikwa rasmi. Tulikuwa tumehangaika karibu mwaka mzima, tumefika mahali ambapo mtu akigonga mlango tunatazamana kwanza. Tuliposikia amechukuliwa, nilicheka peke yangu jikoni kama punguani. Nyuma ya jiko kulikuwa na baiskeli ya baba yangu imetundikwa ukutani. Tuliishusha, tukaijaza upepo, tukaipangusa. Ilikuwa nyekundu, na kreti lake la njano nyuma.

Hapa nieleze lango, maana hapo ndipo mtego ulipokuwa. Sheria ya kiwanda inasema lango linafungwa saa moja kamili asubuhi. Mtu wa majaribio akiandikwa kwa kalamu nyekundu mara tatu, anaondoka, hakuna kikao wala kujieleza. Lakini Mama Lango alikuwa na desturi yake. Kutoka kibandani anaona mpaka kona ya ghala la mbao, kama hatua mia mbili. Saa ikifika, anatoka nje, anatazama kona, na yeyote aliyekwisha kuonekana anahesabiwa ameingia. Anamngoja. Wengine aliwangoja hata kabla kona haijawatoa, kwa kuisikia kengele tu. Hakuna aliyemtuma kufanya hivyo na hakuna aliyemkataza. Kiwanda kizima kiliishi kwa huruma ya zile hatua mia mbili.

Mume wangu alizihitaji kuliko wote. Mimi nafanya kazi kiwanda cha mikate, natoka nyumbani saa kumi alfajiri, kwa hiyo yeye ndiye anayempeleka binti yetu shule. Mlango wa shule unafunguliwa saa kumi na mbili na nusu. Akishamwacha, anakanyaga kama mtu anayefukuzwa na nyuki, na anatokeza kwenye kona saa moja kasoro dakika moja, au saa moja yenyewe. Ningeweza kuomba zamu ya mchana. Nilikuwa nikingoja msimamizi wangu awe na siku nzuri, na siku nzuri ya msimamizi wangu bado haijafika.

Siku ya kwanza ile baiskeli ilipotokeza kwenye kona, Mama Lango alishika nguzo ya kibanda. Alisema damu ilimpanda mpaka akasikia masikio yanavuma. Mume wangu akafika, akapiga kengele ile milio miwili kama baba alivyomfundisha, akashuka, akasema, "Shikamoo, mama." Akaitikia marahaba, akamfungulia, akamtazama mgongo wake mpaka ukaishia.

Mume wangu ni mtu wa salamu. Hakumpita siku hata moja bila kumjulia hali. Siku ya tatu akamuuliza kwa upole kile kilichomsibu mkononi, akampa pole nyingi. Mama Lango aliniambia alikuwa ameshika kufuli mkononi, na kidogo tu ampige nalo. Alijua mtu huyu anamdhihaki. Kila neno zuri la mume wangu lilikuwa kuni kwenye moto wake.

Wala hakukurupuka. Aliisubiri siku yake wiki tatu nzima. Lile lango ni la chuma, linasukumwa juu ya reli, na kwa mkono wake mmoja mzima lilikuwa likimchukua muda kulifunga. Basi akaleta mafuta kutoka nyumbani, ya cherehani, kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi, akayatia kwenye magurudumu ya lango kila jioni, mpaka likawa linateleza kwa kusukumwa na nyonga. Aliponieleza habari ya mafuta ndipo nilipoweka kikombe changu chini. Mengine yote ningeweza kusema ni hasira. Mafuta ni mtu aliyekaa akafikiri.

Mara ya kwanza mume wangu alikuwa amebakiza hatua themanini. Lango likapita mbele yake bila hata kulia. Akaandikwa. Alikuja nyumbani anasema ni kosa lake mwenyewe, yule mama anafanya kazi yake. Mara ya pili binti yetu aliamka ana homa, akachelewa, lakini saa ilipofika alikuwa kwenye kona, wote waliokuwa ndani walimwona. Akaandikwa. Nikamwambia, huyo mama ana jambo na wewe. Akanijibu kwamba mimi namwona kila mtu ana jambo. Hilo ni kweli, na mara nyingi huwa sikosei.

Mara ya tatu walitokeza kwenye kona wawili, yeye na dada mmoja wa majaribio wa idara ya kuchemsha. Baiskeli bega kwa bega. Saa ilikuwa imefika. Mama Lango akasimama katikati ya lango, akamngoja yule dada, akampisha, kisha akalisukuma kwa nyonga. Mume wangu akabaki nje ameshika vyuma.

"Mama, si nimeonekana?" akamwambia.

"Saa inasema saa moja," akajibu, akaingia kibandani, akachukua kalamu nyekundu.

Saa nne wakamwita ndani, wakampa karatasi ya kufukuzwa. Alipokuwa anasukuma baiskeli kutoka nje, Mama Lango alikuwa akimngoja langoni. Kilemba chake siku hiyo kilifungwa vizuri, alinieleza, alimwambia binti yake akikaze. Alikuwa amelipanga neno lake miezi na miezi, analisema njiani, analisema kwenye kioo.

"Unaikumbuka ile asubuhi ya mvua?" akamuuliza. "Pale kidarajani, njia ya reli. Ulinikuta mtaroni nimevunjika, ukanipigia kengele mara mbili, ukapita."

Mume wangu si mwepesi wa kukasirika, na si mwepesi wa kuelewa. Alisimama akafikiri. Akamwambia kwamba msimu huo wa mvua kubwa yeye hakuwa na baiskeli, na hii si yake, ni ya baba mkwe.

"Basi nenda kamwambie huyo baba mkwe wako kwamba umefukuzwa kwa ajili yake."

"Baba mkwe haoni, mama," mume wangu akasema. "Hata wakati huo alikuwa haoni, alituficha tu. Alikuwa akiendesha kwa mazoea na kwa kusikiliza kengele za watu. Tulimnyang'anya baiskeli siku alipogonga mkokoteni uliosimama, akarudi na goti linachuruzika damu."

 Mume wangu, kwa vile ndivyo alivyo, akaendelea kuongea. Akamwambia kwamba mzee anawakumbuka sana watu wa njia ile, na hasa mama mmoja ambaye kengele yake ina kikohozi. Kila siku jioni anamuulizia. Amemwagiza mkwewe akiisikia kengele hiyo popote, ampe huyo mama salamu zake. Na huku akisema hivyo, macho yake yakaangukia ile baiskeli nyeusi iliyoegemezwa kibandani. Akanyoosha kidole gumba, akaibonyeza kengele. Ikalia, ikakwama, ikakwaruza.

"Kumbe ni wewe," mume wangu akasema. "Baba anakusalimu sana."

Akapanda baiskeli akaja nyumbani.

Niliahidi haki, basi niseme na hili. Mama Lango alikwenda kwa msimamizi siku ileile. Akaeleza yote, desturi yake, kona, mafuta, kila kitu, akaomba zile alama zifutwe na afukuzwe yeye. Msimamizi akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia lango limefungwa saa moja na sheria ni saa moja, kwa hiyo haoni kosa liko wapi. Kosa, akasema, ni hiyo miaka kumi na tisa ya kuwangojea watu. Kesho yake akabandika tangazo kwenye ubao, kumsifu mlinzi wa lango kwa kutunza muda. Nafasi ya mume wangu ikajazwa ndani ya wiki. Tangu hapo hakuna anayengojwa tena, na watu wa kiwanda wanapita langoni bila kumsalimia. Nilipoyasikia hayo nilifurahi, tena sana.

Jumapili iliyofuata akaja kwangu. Mume wangu hakuwepo, na baba alikuwa amelala chumba cha nyuma. Nilifungua nikaona mama mtu mzima ana baiskeli nyeusi, mkono mmoja umekaa kifuani kama bawa la ndege aliyepigwa jiwe, na nikajua kabla hajasema. Nilimkaribisha ndani. Nilimpa chai. Nilitaka kuyasikia yote, na niliyasikia, kuanzia viberiti vya mumewe mpaka kidole gumba cha mume wangu. Alilia mara tatu. Sikumwambia nyamaza.

Alipomaliza, nikampa na mimi langu, nililokuwa nimemwekea. Nikamwambia kwamba siku ile ya mvua baba alirudi nyumbani hana raha. Alikaa hapo ulipokaa wewe, nikamwambia, akaacha chai yake ikapoa. Akasema, leo Mama Kikohozi hakuniitikia. Nimepiga nikangoja, nimepiga tena, kimya. Akaniuliza mimi, nimemkosea nini yule mama? Na kesho yake akapita tena hakukusikia, na keshokutwa, wiki mbili nzima, mpaka siku ya mkokoteni. Mpaka leo anajua kwamba ulimkasirikia na hajui kwa nini.

Niliyasema polepole ili yaingie. Yaliingia. Kisha akaniomba jambo moja. Hakuomba kusamehewa. Aliomba aipitishe baiskeli uani, chini ya dirisha la chumba cha nyuma, apige kengele mara moja, mzee amsikie. Mara moja tu, mwanangu, halafu naondoka.

Nikatazama saa ya ukutani.

"Mama," nikamwambia, "saa zimepita."

Nikamsindikiza mpaka nje kwa heshima zote, nikafunga geti letu la mabati. Komeo lina kutu, lilinisumbua kuingia. Kesho yake nililitia mafuta.

Mume wangu alitaka kumweleza baba jioni ya siku ile aliyofukuzwa. Nilimzuia mlangoni. Nikamwambia, ukimwambia umempata Mama Kikohozi, itabidi umwambie na mtaro, na mzee ataijua sauti ya kengele yake mwenyewe ikimpita mtu aliyevunjika. Itamuua. Mume wangu akafikiri, akasema basi, baba ni wako, amua wewe. Ni sababu nzuri na ni ya kweli, lakini si sababu yangu. Siku hizi yeye anabeba mizigo ya watu kwa ile baiskeli nyekundu. Anapita njia ya reli kila alfajiri, na pale kidarajani wanakutana. Anampigia milio miwili, naye anamwitikia kwa kikohozi na kuinua mkono wa kushoto. Mume wangu anarudi kuniambia habari hizo, eti nimwachie mama wa watu. Nikamwambia yeye amsalimie mpaka kengele ichakae, geti ni langu.

Kwa maana mama huyo hakukoma. Kila Jumapili kama saa nne anapita barabara yetu, anasimama nje ya mabati, anapiga mara moja. Hagongi, haiti mtu. Baba wakati huo anakuwa ameketi uani kwenye jua, na alikuwa akiinua kichwa mara moja.

"Mwanangu, si kile kikohozi?" alikuwa akiniuliza.

"Hapana, baba. Mpita njia tu. Kengele mbovu ziko nyingi."

Alikuwa akifikiri, halafu hata hivyo anainua mkono wa kulia, juu kabisa, kuelekea kwenye mabati, na kuushusha. Nje ya geti hakuna anayeuona. Mimi ninauona. Na baiskeli inaondoka, na mimi narudi kwenye kazi zangu nimeridhika kama mtu aliyemaliza kufua.

Sasa masikio ya baba nayo yameanza kwenda. Nililigundua mwezi uliopita, kwa jinsi anavyochelewa kugeuka nikimwita. Sikumwambia mtu.

Jumapili iliyopita alikuwa anamenya karanga kwenye ungo, mimi nimesimama karibu na geti naanika nguo. Kengele ikalia nje, ikakwama, ikakwaruza. Nikageuka kumtazama baba, neno langu nimekwisha kuliandaa. Aliendelea kumenya. Nikangoja. Kengele ikalia tena, mara ya pili, na huyo mama hajawahi kupiga mara mbili. Baba akapuliza maganda, akachukua karanga nyingine. Nilibaki nimeshika komeo, jibu langu liko mdomoni, na hakuna aliyeniuliza.